Mteja anarudi kila mara kuomba dawa ya gesi, anashiba kwa matonge matatu: nimuulize nini kabla ya kumuuzia?

KauntaYaDawa

Habari wakuu. Naomba msaada wa wataalamu wa tiba, maabara na lishe.

Katika duka la dawa muhimu kuna aina ya mteja ambaye kila mhudumu anamjua. Ni mtu mzima, mara nyingi mama wa miaka 45 kwenda juu. Analalamika tumbo limejaa, gauni linabana kiunoni, akila matonge matatu manne anahisi kama amemaliza sahani nzima. Haharishi, hatapiki, hana maumivu ya kumlaza kitandani. Ameshatafuna vidonge vya magnesiamu, ameshameza omeprazoli, ameshapewa dawa ya minyoo. Wengi wameshapimwa damu wakaambiwa wana bakteria wa vidonda vya tumbo, wakatumia dozi nzima ya antibayotiki. Miezi miwili baadaye wanarudi na malalamiko yaleyale.

Ninachotaka kujua: maswali gani ya haraka yanaweza kutenganisha gesi ya kawaida na tatizo linalohitaji rufaa? Kile kipimo cha damu cha bakteria, kikitoka chanya tena baada ya dozi, kina maana gani? Na kwa yule ambaye kweli ni gesi tu, kuna ushauri wa chakula unaofanya kazi, au ni yaleyale ya "acha maharage"?

---

Tabibu_Zamu

Mkuu, tenganisha kwanza malalamiko mawili ambayo mteja huyachanganya.

Kujaa gesi peke yake, yaani tumbo linanguruma, linavimba jioni na asubuhi limeshuka, kwa kawaida ni jambo la utumbo na chakula. Kushiba haraka ni habari nyingine. Mfuko wa chakula ukiwa mtupu hubeba kidogo sana, mililita mia hivi. Mtu akianza kula, sehemu yake ya juu hulegea na kupokea hadi lita moja au moja na nusu bila shinikizo kupanda. Anayeshiba kwa matonge matatu ana moja kati ya haya: sehemu ya juu imegoma kulegea, au mlango wa chini hautoi chakula kwa wakati, au kuna kitu nje ya mfuko kinaubana. La kwanza ndilo la wengi na halina hatari. La pili huonekana zaidi kwa wenye kisukari cha miaka mingi, au wenye kovu la kidonda au saratani karibu na mlango wa kutokea. La tatu ndilo linalopita mbele ya kaunta bila kutambuliwa, maana mgonjwa hana maumivu na anatembea vizuri.

Swali la kwanza la kuuliza: "Asubuhi ukiamka, kabla ya chai, tumbo limerudi lilivyokuwa?" Likiwa linarudi, una nafasi ya kupumua. Likiwa halirudi, au kila wiki linazidi, acha kufikiria gesi. Gesi haikai tumboni wiki tatu bila kutoka. Kinachokaa ni maji, uvimbe, kiungo kilichokua, mimba au mafuta.

Kama mteja hana hakika, mpe kazi ya wiki moja. Atumie futi ya fundi cherehani, apime usawa wa kitovu akiwa amesimama, baada ya kutoa pumzi kawaida bila kubana tumbo. Mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala. Aandike. Tumbo la gesi huonyesha tofauti ya sentimita kadhaa kati ya asubuhi na usiku, lakini namba za asubuhi zinafanana. Tumbo la maji huonyesha namba za asubuhi zinazopanda. Apime na uzito siku ya kwanza na ya mwisho. Ukiona kiuno kinapanda huku mikono na mashavu yanakonda, usisubiri hata wiki iishe. Na usidanganywe na mizani: maji ya tumboni yana uzito, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza nyama kilo tano na mizani isionyeshe chochote.

Swali la pili ni lini ilianza na inatokea mara ngapi kwa mwezi. Mama wa miaka 50 na kuendelea ambaye hakuwahi kuwa na shida ya tumbo, kisha ndani ya mwaka huu mmoja akaanza kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara, na hayo yanamtokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, huyo anapelekwa kutazamwa ovari. Kigezo hicho cha mara 12 ndicho kinachotumika Uingereza kwa madaktari wa ngazi ya kwanza. Msingi wake ni huu: saratani ya ovari haikai kwenye ovari ikisubiri kuuma. Hudondosha seli kwenye utando wa tumbo na kwenye pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, maji yanaanza kujikusanya, na mfuko wa chakula unabanwa kutoka nje. Ndiyo maana dalili zake za mwanzo ni za tumbo, wala si za kizazi. Wengi hugundulika ugonjwa umeshasambaa tumboni, na sehemu ya ucheleweshaji huo hutokea wakitibiwa gesi.

Hapo kuna imani moja ya kuiondoa: mama akikwambia "nilipimwa mlango wa kizazi mwaka jana, niko salama", kipimo kile kinatazama mlango wa kizazi tu. Ovari hakizioni kabisa.

Alama za kutompa dawa yoyote ya gesi zaidi ya hapo: kupungua uzito bila kukusudia (kwa mtu wa kilo 60, kilo 3 ndani ya miezi sita zinatosha kukushtua), kutapika mara kwa mara hasa chakula cha jana, chakula kukwama kooni, choo cheusi kama lami kwa mtu asiyemeza vidonge vya madini chuma, macho ya manjano, weupe wa viganja, homa za jioni na jasho la usiku, uvimbe unaoshikika, miguu kuvimba pamoja na kukosa pumzi akilala chali. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Moyo ukishindwa, ini hujaa damu na utumbo huvimba, mgonjwa anakuja kwako na lugha ya "kushiba haraka".

Na mwanamke yeyote ambaye bado anaona hedhi: kipimo cha mimba cha mkojo kabla ya kitu kingine chochote. Msione haya kuuliza.

Kipimo cha kwanza cha kumtafutia ni ultrasaundi. Cheti kiandikwe "tumbo lote na nyonga". Hapa ndipo mambo huharibika: anaandikiwa nyonga peke yake, bandama kubwa haionekani, au anaandikiwa tumbo la juu tu, ovari hazitazamwi, naye anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "kawaida". Ultrasaundi huona maji hata yakiwa mililita mia hivi, wakati kwa mkono na kugonga tumbo daktari anahitaji yawe yamefika kama lita moja na nusu.

---

Mtungi_wa_Reagenti

Naongezea upande wa maabara, halafu nitamsahihisha kidogo mtu ambaye bado hajaandika lakini najua atakuja: yule wa "apime CA-125 kwanza", kile kipimo cha damu kinachohusishwa na saratani ya ovari.

Bakteria wa vidonda, H. pylori. Kile kipande cha plastiki kinachodondoshewa damu hupima kinga ya mwili dhidi ya bakteria, na kinga hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa akapona atatoka chanya tena, na akipewa dozi ya pili anatibiwa kumbukumbu. Katika nchi zetu ambako watu wazima wengi wameshawahi kukutana na bakteria huyu tangu utotoni, chanya ya damu haikwambii kama ndiye anayemjaza tumbo leo. Kipimo cha damu hakitumiki kuthibitisha kupona.

Kinachofaa ni antijeni kwenye choo, au kipimo cha pumzi cha urea pale kinapopatikana. Lakini navyo vina masharti, na yakivunjwa majibu huwa hasi ya uongo. Omeprazoli na ndugu zake ziachwe wiki 2 kabla. Antibayotiki yoyote, hata ya kikohozi, iwe imepita wiki 4. Baada ya tiba, subiri angalau wiki 4 ndipo upime kama amepona. Mteja akihisi kiungulia katika zile wiki mbili, atumie vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi badala ya omeprazoli. Sampuli ya choo ipelekwe mbichi siku hiyohiyo. Ikikaa juani kwenye mkoba hadi jioni, antijeni inaharibika.

Dozi zenyewe ni za siku 14, si 7. Ile ya kawaida ya omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromisini miligramu 500, zote mara mbili kwa siku, inazidi kushindwa kwa sababu bakteria wamezoea klarithromisini. Kurudia mchanganyiko uleule baada ya kushindwa ni kosa la wazi. Na klarithromisini si dawa ya kutoa bila cheti, mkuu, hilo unalijua.

Sasa CA-125. Ni protini inayopanda kila utando wa tumbo unapokereka. Hupanda kwenye saratani ya ovari, ndiyo, lakini pia kwenye hedhi, mimba, fibroidi, endometriosisi, maambukizi ya mirija, ini lililosinyaa, na TB ya utando wa tumbo. Upande wa pili, karibu nusu ya wenye saratani ya ovari hatua ya kwanza wana namba ya kawaida, chini ya 35. Kwa hiyo namba peke yake inaweza kumtisha mzima na kumtuliza mgonjwa. Uingereza huanza na damu kisha ultrasaundi. Kwa mazingira ambayo ultrasaundi iko wilayani na CA-125 inasafirishwa maabara ya mbali, anza na ultrasaundi.

Hiyo TB isipuuzwe. Mama ana maji tumboni, amekonda, CA-125 imefika mamia, picha inaonyesha utando mnene: kila mtu anasema saratani. Maji yakivutwa na kupimwa, yanaonyesha limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi, na kimeng'enya cha ADA kiko juu, kwa kawaida zaidi ya 39. Dozi ya miezi sita ya TB inamponya. Mtego ni kwamba GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya bakteria wa TB, kwenye maji ya tumbo mara nyingi hutoka hasi hata TB ikiwepo, na picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa. Ndiyo sababu kipande kidogo cha utando huchukuliwa na kupimwa kabla ya mtu kufunguliwa tumbo zima au kuambiwa akapumzike nyumbani. Apimwe VVU pia.

---

KauntaYaDawa

Hapo kwenye kinga ya damu nimeelewa kwa nini wanatoka chanya kila mara. Kwa upande wetu wa dawa, kuna dawa ambazo mteja anatumia tayari na ndizo zinazomjaza tumbo?

---

Mfamasia_Kanda

Zipo nyingi, na swali la "unatumia dawa gani nyingine" linamaliza kesi kadhaa pale pale kaunta.

Metformini inaongoza. Hujaza gesi, huleta kichefuchefu na kuharisha, hasa ikianzishwa kwa dozi kubwa au ikimezwa kabla ya kula. Huanzwa na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, inaongezwa polepole kila wiki. Kuna aina inayoyeyuka taratibu ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Usimwambie mteja aache. Mrudishe kliniki yake ya kisukari ibadilishwe.

Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti hukwangua mfuko wa chakula. Kushiba haraka kwa mtu anayezimeza kila siku kunaweza kuwa kidonda. Tramadoli na kodeini hupunguza mwendo wa utumbo wote kuanzia juu hadi chini. Amitriptilini, na zile dawa za mafua zenye kusinzisha, nazo hivyo hivyo. Vidonge vya madini chuma hufunga choo, na utumbo mpana ukijaa choo, mfuko wa chakula nao hupunguza kasi ya kutoa. Sindano mpya za kisukari na kupunguza uzito, za kundi la semaglutidi, zinafanya kazi kwa sehemu kwa kuchelewesha chakula kutoka. Kwa anayezitumia, kushiba haraka ni tokeo la dawa yenyewe.

Kuhusu kinachouzwa kama tiba. Unga wa kuchemka kwenye maji, ule wa bikaboneti, hukutana na asidi na kutoa hewa ya kaboni. Mteja anabeua, anahisi nafuu, kumbe ametoa hewa aliyoinywa. Simethikoni haina madhara, huunganisha mapovu madogo, ila haigusi kushiba haraka. Omeprazoli husaidia zaidi maumivu na kuungua kwa chembe ya moyo. Kwa aliyejaa tu bila kuungua mafanikio ni madogo. Ikipewa, imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi, wiki 4 hadi 8, kisha itathminiwe. Kuimeza pamoja na chakula au usiku "tumbo likiuma" ni kupoteza dawa. Inaweza pia kutuliza dalili za saratani ya mfuko wa chakula kwa muda na kuchelewesha kipimo cha kamera.

Dawa za kusukuma chakula, metoklopramaidi na domperidoni, zisigeuzwe pipi. Metoklopramaidi kwa matumizi ya kawaida isizidi siku 5; ikiendelea huweza kuleta mitikisiko ya uso na ulimi ambayo kwa baadhi ya watu haiondoki. Domperidoni isizidi miligramu 30 kwa siku, na isichanganywe na klarithromisini, erithromisini au flukonazoli, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Angalia jinsi mchanganyiko huo unavyoweza kutokea kwa urahisi: mtu yuko kwenye dozi ya H. pylori, anakuja kuongeza domperidoni ya kujaa.

Kwa mwenye kisukari cha zaidi ya miaka kumi anayeshiba haraka na kutapika chakula cha saa nyingi zilizopita, fikiria mishipa ya fahamu ya mfuko wa chakula imechoka. Dokezo lake moja ni sukari kushuka ghafla muda mfupi baada ya kula na kuchoma insulini: insulini imefika, ugali bado umekaa juu. Na sukari ikiwa juu sana, yenyewe hupunguza kasi ya mfuko, kwa hiyo kuidhibiti ni sehemu ya tiba. Huyu si wa duka.

---

Nyalandu_ya_Ziwa

Mmeongea ovari, mmesahau bandama. Kwa wateja wa ukanda wa Ziwa Victoria, visiwani na kwenye mialo ya wavuvi, mtu anayeshiba haraka mwulize kama amekulia ziwani. Kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye mishipa ya ini, damu inakosa njia, bandama inakua hadi inakaa juu ya mfuko wa chakula. Mgonjwa anaweza kuwa kijana wa miaka 25, mwanamume, ambaye maswali yenu ya mama wa miaka 50 yanampita.

Anayepapasa bandama aanzie chini kulia, karibu na nyonga, apande kuelekea mbavu za kushoto. Wanaoanzia chini ya mbavu za kushoto huweka mkono juu ya bandama yenyewe bila kuhisi ukingo wake, kisha wanaandika "haijavimba".

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo lakini makovu ya zamani hayafutiki hivyo, na choo kinaweza kutoka bila mayai ilhali ini limeshaharibika. Kwa hiyo hata huyu anahitaji ultrasaundi. Kabla ya hapo asipewe diklofenaki wala aspirini, kwa kuwa mishipa ya koo la chakula huwa imevimba na ikipasuka hutapika damu nyingi. Na asikandwe tumbo. Bandama kubwa hupasuka kwa kukandwa, na kukanda "tumbo lililojaa" ni jambo la kawaida sana mitaani.

Bandama kubwa husababishwa pia na malaria ya kujirudia, saratani za damu, na kwa wenzetu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana kule Kenya, kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi.

---

Sufuria_na_Mizani

Nilikuwa nasoma tu, ila swali la chakula limeachwa. Na niseme wazi: wengi wa wateja wako, baada ya kuchuja hao waliotajwa, ni watu wenye mfuko wa chakula usiolegea vizuri na utumbo unaohisi kila kitu. Hakuna kovu wala uvimbe. Wanateseka kweli, na kuambiwa "huna ugonjwa" hakuwasaidii.

Kwanza kiasi. Badala ya milo miwili mikubwa, iwe mitano au sita, kila mmoja ujazo wa ngumi mbili za mlaji. Mafuta yapungue, kwa maana mafuta ndiyo yanayochelewesha mlango wa chini kuliko kitu kingine chochote. Samaki wa kuchemsha na samaki wa kukaanga si chakula kimoja kwa mtu huyu. Asinywe nusu lita ya maji katikati ya mlo. Asilale kabla ya saa mbili kupita tangu amalize kula. Anayetapika au mwenye kisukari aliyetajwa juu aende kwenye vyakula laini: uji, mtori, supu iliyosagwa, na aepuke machungwa na nyuzi zake.

Soda: chupa moja ya mililita 350 ina gesi inayoweza kufika takribani lita moja ikitoka yote. Hapo hakuna siri.

Maharage hayahitaji kuachwa. Yana sukari aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria wanazila wakitoa gesi. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo tiba ni maji. Kilo moja ya maharage iloweke kwenye lita 3 za maji usiku kucha, saa 12 hivi, mwaga maji yote, suuza, bandika kwa maji mapya yachemke sana kwa dakika 10, mwaga tena, kisha endelea na maji ya tatu hadi yaive. Kuchemka sana hakuepukiki kwa maharage mekundu, maana yana sumu inayokufa kwa moto mkali tu. Wanaotumia maji ya kulowekea "ili virutubisho visipotee" wanahifadhi gesi. Magadi husaidia kulainisha, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi kwa mwenye presha. Aanze na nusu kikombe cha yaliyoiva, aongeze kila wiki. Choroko zilizokobolewa ni nyepesi zaidi; makande yenye maganda ni ya mwisho kurudi mezani.

Vitunguu wengi hawavifikirii, na kwa baadhi ya watu ni vibaya kuliko maharage. Sukari yake inayoleta gesi huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, vitoe, ndipo uweke nyanya. Ladha imebaki, gesi imetoka na vipande. Ukishaweka nyanya umeweka maji, umechelewa. Chapati na mkate hujaza kuliko ugali, wali, ndizi za kupika au muhogo. Maembe matamu, kabichi na matofaa yatazamwe.

Maziwa yajaribiwe kwa utaratibu. Aache yote, pamoja na chai ya maziwa, kwa wiki 2. Siku ya 15 anywe glasi moja ya mililita 250 bila kitu kingine, asubiri hadi mchana. Akijaa, akinguruma na kuharisha, amepata jibu. Mtindi kidogo huenda ukamfaa kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Usimwambie kila mtu aache maziwa kwa jumla: utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha jamii nyingi za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya vinasaba yanayowafanya wameng'enye maziwa hadi uzeeni.

Jambo la mwisho linaonekana dogo kwa watu hadi wajaribu. Wengi ambao tumbo hutokeza mbele baada ya kula hawana gesi nyingi kuliko wengine. Kiwambo chao, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hushuka na misuli ya tumbo hulegea kwa wakati mmoja. Baada ya kula, akae nyuma kidogo kwenye kiti, mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, avute pumzi kwa pua hesabu ya nne mkono wa tumboni pekee ukiinuka, atoe kwa hesabu ya sita. Dakika 5 hadi 10, kila baada ya mlo, kwa wiki kadhaa.

---

Tabibu_Zamu

@Sufuria_na_Mizani umeeleza vizuri, ila sharti moja: hayo yote ni kwa ambaye tumbo lake linashuka asubuhi na hana alama ya hatari. Mama wa miaka 54 mwenye dalili mpya asipewe mwezi mzima wa kuloweka maharage kabla ya picha. Vyote vinaweza kwenda sambamba.

Na gesi inayonuka vibaya sana, choo chepesi chenye mafuta, imeanza baada ya maji machafu: hapo fikiria giardia, kimelea cha utumbo. Choo kipimwe siku tatu tofauti kwa kuwa vimelea havitoki kila siku.

---

KauntaYaDawa

Nashukuru sana. La mwisho: nikimpa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya niandike nini ili asirudishwe na omeprazoli nyingine? Maana hilo ndilo linalotokea.

---

Tabibu_Zamu

Andika mambo ambayo daktari hawezi kuyapuuza, kwa mistari mitano isiyozidi. Umri na kama hedhi imekoma. Tarehe dalili zilipoanza na mara ngapi kwa mwezi. Kiuno cha asubuhi siku ya kwanza na ya saba, pamoja na uzito. Dawa alizokwisha kutumia, kwa majina, dozi na siku, hasa omeprazoli na antibayotiki, ili wajue kipimo cha choo kinasubiri hadi lini. Kama kuna mama, dada au shangazi wa damu aliyewahi kuugua saratani ya titi au ovari. Kisha maliza na: "Naomba atathminiwe kwa ultrasaundi ya tumbo lote na nyonga." Neno "gesi" usiliandike popote, likisomwa, kichwa cha msomaji kinafungwa. Andika "kushiba haraka na tumbo kuongezeka".

Kama picha ni safi na bado anashiba haraka, anapungua au anatapika, hatua inayofuata ni kamera ya tumbo, na kwa hiyo apewe rufaa ya hospitali ya mkoa, ya kanda au ya taifa: Bugando, KCMC, Mbeya, Muhimbili, kutegemea alipo. Miongozo ya nje huweka umri wa miaka 55 au 60 ndipo kamera ifanyike bila alama ya hatari. Kwetu saratani za koo la chakula na mfuko wa chakula huwapata hata wa miaka ya arobaini, kwa hiyo umri mdogo usiwe sababu ya kumzuia.

Mwelekeze na maandalizi ya ultrasaundi ili asipoteze nauli: asile chochote kwa saa 6 ili nyongo ionekane, anywe maji matupu kama lita moja saa moja kabla ya kuingia, na asikojoe mpaka ametazamwa nyonga. Akiwa na kisukari na anachoma insulini, awaambie mapema wampe nafasi ya kwanza asubuhi.